Mkwe Wangu Nyuma ya Baiskeli

Tangu nirudi kutoka bonde la Momba, haipiti siku pale barazani ninaposhona nguo bila mtu kuniuliza kama ni kweli nilimwacha mama mkwe wangu porini aliwe na simba. Hamisi anauliza huku anacheka. Wengine hawacheki. Nimechoka kujibu vipandevipande huku mguu uko kwenye cherehani, kwa hiyo nimeandika yote mara moja, na atakayeuliza tena atapewa asome. Ndiyo, nilimwacha. Someni basi jinsi nilivyomwacha.

Mnanijua kwamba mimi ni mwoga. Naogopa maji, naogopa radi, na ile njia ya kisimani siipiti kwa sababu ya mbwa wa fundi viatu. Sikuwa mtu wa kutumwa Momba wakati wa mvua. Lakini mke wangu Tabita alikuwa na mimba ya tatu, na wale wawili wa kwanza tuliwazika kabla hatujasikia sauti zao. Safari hii tumbo lilipokuwa kubwa alilala akageuza uso ukutani, akasema, "Nataka mama. Asipokuja mama, na huyu atakwenda." Bibi Anyesi, mkunga wetu hapa Mpemba, akasema hivyohivyo: mama mzazi aje ajaze maji kinywani ampulizie binti yake, amtamkie maneno mema. Malori hayafiki Momba, kwao Tabita, mvua zikishika. Mimi nilikuwa na baiskeli niliyorudi nayo kutoka migodi ya Kopabeti. Sikuwa na kisingizio.

Hamisi, wewe ni mtu wa Kilwa, hili ni kwa ajili yako. Huku kwetu mwanamume na mama wa mkewe hawatazamani. Akija njia hii, wewe unaingia majanini. Hamsemeshani, hamli pamoja, na jina la mmoja halitoki kinywani mwa mwenzake. Ni heshima, si ugomvi. Inakwisha siku mtoto anapozaliwa akiwa hai. Siku hiyo mama mkwe anamwita mkwewe kwa jina lake na kumpa mtoto mikononi. Kabla ya hapo, wazee wanasema, jina likitamkwa linakwenda kukaa tumboni mwa binti na kufanya kazi mbaya. Mimi na Tabita tulikuwa na miaka kadhaa ya ndoa na siku hiyo haijafika. Uso wa mama mkwe wangu sikuujua.

MPEMBA HADI ITAKA

Nilitoka alfajiri na umande. Barabara kuu ilikuwa imemwagwa changarawe mpya, na changarawe mpya kwa baiskeli ni taabu tupu. Gurudumu la mbele linakwenda linakotaka lenyewe. Lori moja lililotoka upande wa Tunduma lilinipita karibu mno, nikaingia mtaroni pamoja na pampu yangu. Utingo akanipungia mkono. Nilikaa mle mtaroni nikajiuliza mtu anayeangushwa na lori karibu na nyumbani kwake ana haja gani ya kwenda kutafuta mamba wa mto Momba.

Nilipoiacha barabara kuu na kushika njia ya Itaka, mambo yalitulia. Vilima vya huko havina hasira. Unapanda kidogo, unateremka kidogo, kahawa upande huu, mahindi upande ule, na watu wanakusalimu hata kama hawakujui. Njia yote nilikuwa na mawazo ya Tabita amelala ameangalia ukuta, na kila nilipotaka kupumzika mawazo hayo yalinirudisha juu ya baiskeli.

Itaka nilipokewa na mzee mmoja mkulima wa kahawa. Mkewe aliniwekea maharage na ndizi za kupika. Mzee akaniuliza ninakwenda wapi, nikamwambia.

"Momba?" Akaacha kula. "Peke yako?"

"Peke yangu, baba."

"Na mvua hizi?"

Akamtazama mkewe, na mama yule bila kusema neno akaniongezea ndizi. Nilijiona ninalishwa kama mtu anayeagwa. Nilizila zote, maana hofu yangu haijawahi kunizuia kula.

ITAKA HADI UKINGO WA BONDE

Baada ya Itaka mashamba yanazidi kuwa machache, kisha yanakwisha kabisa, na miombo inashika pande zote mbili. Njia inakuwa ya udongo na kokoto, nyasi zimesimama kupita kichwa cha mtu. Hapo ndipo nilipoanza kupiga kengele bila sababu.

Nikasikia kelele nyingi mbele yangu, nikashuka. Walikuwa wachukuzi wa chumvi wanaotoka Ivuna, wamejitwika mizigo yao, wanatembea wameshikamana na kupayuka makusudi. Nilijibanza kuwapisha. Mkubwa wao akatazama nyuma yangu.

"Wenzako wako wapi?"

"Sina mwenzangu."

"Una mkuki?"

"Nina kengele," nikasema.

Walicheka mpaka mmoja akatua mzigo. Kisha yule mkubwa hakucheka tena. Alinieleza kwamba mbele nitavuka kijito, halafu nitapanda mlima mrefu, na juu kabisa nitakuta vichuguu vitatu kando ya njia. Hapo pana simba jike. Wiki chache zilizopita mwenzao mmoja alibaki nyuma kukaza kamba ya mzigo wake, na hawakusikia hata ukelele.

"Usibaki nyuma," aliniambia, "na ukiwa na mtu usimwache nyuma."

Mlima ule niliupanda nikiwa juu ya baiskeli, jambo ambalo fundi yeyote wa baiskeli atawaambia haliwezekani. Vile vichuguu niliviona kwa pembe ya jicho. Sikupumua vizuri mpaka nilipofika kambi ya watengeneza barabara, karibu na ukingo wa bonde. Nyapara wao, Bwana Salumu, mtu wa Pangani, alinipa chai ya mkandaa isiyo na maziwa na uyoga wa kukaanga. Nikamwambia nitapita tena na mtu.

KUVUKA MOMBA

Kutoka ukingoni unaliona bonde lote, na siku ile nilitamani nisilione. Mahali palipokuwa na mbuga palikuwa na maji yanayong'aa, na mto wenyewe huwezi kusema unaanzia wapi. Niliteremka nikiisukuma baiskeli huku nimeshika breki zote mbili. Chini joto lilikuwa la kushika koo.

Mvushaji alikuwa na mtumbwi wa gogo uliozibwa ufa kwa matope na matambara. Aliilaza baiskeli yangu juu ya magoti yangu.

"Usitie mkono majini," akasema.

"Kwa nini?"

"Wewe usitie tu."

Katikati ya mto mkondo ulitugeuza, tukawa tunakwenda ubavu. Mvushaji akaacha kupiga kasia, akawa anaangalia kitu fulani upande wa kushoto ambacho sikugeuka kukitazama. Nilifumba macho nikasali sala ya kabla ya chakula, maana ndiyo iliyokuja. Tulipogusa ng'ambo, nilishindwa kusimama. Alinivuta pamoja na baiskeli, na hakunicheka. Nilijua basi kwamba naye aliogopa.

Kijijini kwa wakwe zangu watoto waliniona, wakapiga kelele, na nikaona kaniki nyeusi ikiingia haraka katika nyumba ya nyuma. Ndiye. Nami nikageuka nikatazama mti, kama ipasavyo. Mjomba wa Tabita, Mzee Lazaro, mdogo wake mama mkwe, alitoka kunipokea. Nikamwambia maneno, yeye akayapeleka ndani, akarudi. Nililetewa ugali wa ulezi na kambare. Kabla sijamaliza yule kambare, Lazaro akatoka tena.

"Dada yangu ameshafunga mzigo," akasema. "Anauliza kwa nini mkwe anakula taratibu."

MBUGANI

Lazaro alikuwa na baiskeli kuukuu isiyo na pedali moja, na alikubali kuja nasi awe mtu wa katikati. Mama mkwe angekaa kwenye keria yangu, maana ndiyo iliyokuwa imara. Nilisimama nimeshika usukani, nikatazama mbele, nikasikia akikaa. Mbele yangu kwenye usukani Lazaro alinifungia kibuyu cha dawa za uzazi, na ubavuni mwa keria mzigo wake wa nguo, sufuria mbili na kibuyu cha maji.

"Sasa sikilizeni," Lazaro akasema. "Huyu hawezi kugeuka, na dada hawezi kumsemesha. Dada atagonga keria kwa bangili yake. Kugonga mara moja, simama. Mara mbili, nimekaa, twende."

Ngo, ngo. Tukaenda.

Sitaeleza tena yule mtumbwi. Niseme tu kwamba safari hii ulikwenda na kurudi mara mbili, na kila mara mimi nilikuwa naogopea upande mwingine. Baada ya mto tulikata mbuga yote ndani ya maji. Mahali pengine maji yalifika kwenye mnyororo, tukashuka tukasukuma, Lazaro mbele akipima kwa fimbo, mimi katikati, na nyuma yangu nyayo za mtu zikikanyaga maji chwa, chwa, chwa. Nyayo hizo ndizo zilizokuwa mama mkwe wangu. Zikinyamaza, moyo unasimama. Zikisikika, nami natembea.

Tulipokuwa tunapanda ukingo, Lazaro alianza kutetemeka kwa homa. Tulipofika kambi ya barabara alilala chini na hakuweza kuinuka.

KAMBINI

Bwana Salumu alikuwa mtu mwema kabisa, na alitutia katika aibu ambayo sijapata kuiona. Alipika wali, akautia katika sahani moja kubwa, akauweka mkekani. Kisha akanishika bega.

"Mwite mkeo, bwana, mle pamoja. Mbona anajibanza nyuma ya ghala? Au umemkasirisha?"

Kutoka nyuma ya ghala nikasikia sufuria ikianguka.

"Si mke wangu," nikasema. "Ni mama mkwe."

"Basi vizuri zaidi! Ni mama yako. Mwite."

Nilijaribu kumweleza. Kadiri nilivyoeleza, ndivyo alivyozidi kuamini kwamba nimemwiba mwanamke wa watu na ninatoroka naye. Wafanyakazi wake wenye asili ya huku ndio waliomvuta pembeni wakamwambia. Akarudi ameshika kichwa, akaomba radhi mara nyingi, akampakulia mama mkwe sahani yake na kuipeleka yeye mwenyewe nyuma ya ghala. Ilirudi bila kuguswa. Baada ya hapo mama mkwe hakutaka Bwana Salumu wala watu wake wawe katikati yetu.

Tulikaa kambini tukingoja wachukuzi wa chumvi ili tupite nao msituni. Hawakuja. Mto ulikuwa umejaa zaidi nyuma yetu, na hakuna aliyevuka. Lazaro aliweweseka. Mimi, niseme kweli, nilifurahi kungoja. Kungoja hakuna simba.

Asubuhi moja nilikuwa naziba pancha nje, tyubu iko ndani ya beseni, nikasikia sauti ya mwanamke upande wa pili wa ukuta wa makuti. Ilikuwa sauti nzito kidogo, ya mtu aliyezoea kutii­wa.

"Baiskeli," ikasema.

Mikono yangu ikakauka ndani ya maji.

"Baiskeli, mwambie mwenyewe kwamba tumbo la binti yangu haliwangoji wachukuzi wa chumvi."

Kwetu ukikosa mtu wa katikati unaweza kusema na mbwa, au na nguzo ya nyumba, na mwenzako asikie. Nilikuwa nimesikia wazee wakifanya hivyo. Kusema na baiskeli lilikuwa jambo jipya. Nikaitazama spoku kwa spoku.

"Baiskeli," nikasema, "mwambie mama kwamba huko njiani pana simba."

"Baiskeli, mwambie ninajua. Mwambie pia kwamba nilizaa watoto kumi, na huyo mmoja ndiye aliyebaki."

Nikaipachika tyubu.

MSITUNI

Tulimwacha Lazaro mikononi mwa Bwana Salumu, tukaondoka kambini jua limeshapanda. Bwana Salumu alinipa panga na akanishika mkono kwa muda mrefu kuliko inavyohitajika.

Tulikwenda vizuri mwanzoni. Nilikuwa nasema na baiskeli bila kukoma ili msitu usikie kuna watu. Niliieleza habari za Tabita, jinsi anavyoimba anapochekecha unga, jinsi alivyoacha kuimba. Nyuma yangu baiskeli ilijibiwa mara chache. "Baiskeli, mwambie hata alipokuwa mdogo aliimba." Niliona kwamba nimeanza kumpenda mtu ambaye sijamwona.

Kwenye vilima aligonga mara moja, ngo, nami nikasimama, yeye akashuka na kutembea nyuma huku nasukuma. Juu alikaa tena. Ngo, ngo. Tukateremka. Ndivyo tulivyopita vilima vyote, mpaka nikaviona vichuguu vitatu.

Mlima ule tuliupanda kwa miguu. Nilisukuma nikitazama vichuguu, jasho limejaa machoni, na sikuweza tena kusema na baiskeli. Tulipofika juu nilisimama ili akae. Nikangoja, nimelishika panga kwa mkono mmoja, baiskeli ikiyumba kwa mwingine. Nyasi upande wa kulia zilitikisika, na hapakuwa na upepo.

Ngo, ngo.

Nikaruka juu ya baiskeli nikaiachia. Mteremko ulikuwa mrefu na kokoto ziliruka mpaka usoni. Sikugusa breki. Nilipiga kengele njia nzima, na sufuria ziligongana nyuma yangu kama harusi. Chini kabisa, kabla ya kijito, nikafunga breki, nikateremsha mguu.

"Baiskeli," nikasema nikihema, "mwambie mama tumepita. Ashuke tuvuke maji."

Hapakuwa na jibu. Nilidhani amekasirika kwa mwendo ule. Nikaomba radhi kwa baiskeli. Kimya. Kisha upepo mdogo ukaja, kile kibuyu cha maji kikagonga chuma cha keria. Ngo. Ngo.

Niligeuka. Ilikuwa mara ya kwanza kugeuka tangu Momba. Mzigo wa nguo ulikuwepo, sufuria zilikuwepo, kibuyu kilikuwepo. Yeye hakuwepo.

Mtu yeyote mwingine angeniita. Angepiga kelele, "We! Umeniacha!" Na mtu mwingine mahali pangu angemtazama kabla hajaondoka. Lakini yeye hakuruhusiwa kuniita, na mimi sikuruhusiwa kutazama, na kwa heshima hiyo nilikuwa nimemwacha mama wa Tabita juu ya mlima wa simba.

Nitasema wazi kilichonijia kwanza, kwa kuwa mnanijua. Kilichonijia ni kuvuka kijito. Mguu mmoja uliingia majini. Kisha nikafikiri nitafika Mpemba nimwambie nini mtu aliyegeukia ukuta, nikautoa mguu.

Nilianza kuisukuma baiskeli kurudi juu. Sikuweza kumwita, sikuwa na jina la kumwita, kwa hiyo nilipiga kengele. Hatua chache, kengele. Hatua chache, kengele. Nyasi zilikuwa karibu na mabega yangu pande zote mbili. Nilikuwa nalia, sitaki kuficha, lakini bila sauti.

Nikiwa nimepanda nusu ya mlima nikasikia, ngo. Mara moja. Kavu, kama mti unapogongwa na ndege. Nikaendelea. Ngo, tena. Nikafikiri, ndege. Nikaendelea.

"Yosia!"

Sijapata kusikia jina langu likisemwa vile.

"Yosia, simama! Kushoto kwako! Usisogee!"

Nikasimama. Alikuwa juu ya kichuguu cha kati, amepanda mpaka kileleni, mkononi jiwe alilokuwa akiligonga kwa bangili, kaniki imemteleza begani. Nilimwona uso. Anafanana na Tabita, nilifikiri hivyo, wakati kama ule. Kisha nikatazama kushoto.

Alikuwa amelala. Mbali na mimi kama kutoka cherehani yangu hadi kaunta ya duka. Kichwa kilikuwa chini, kati ya miguu, na macho yalikuwa kwangu, na ncha ya mkia ilikuwa inakwenda huku na huku juu ya nyasi. Panga nililisahau. Mikono iliacha kuwa yangu, baiskeli ikaniponyoka, ikaanguka juu ya kokoto pamoja na sufuria mbili na kengele. Kelele ile ilivunja msitu. Simba akaruka juu, na nilidhani amenirukia, lakini aliruka upande. Niliona mgongo wake ukipita ndani ya nyasi, unateremka kuelekea kijitoni, mahali nilipokuwa nimesimama punde.

Kisha mama mkwe akateremka kichuguuni, akajifunika uso kwa kaniki, akakaa njiani akinipa mgongo.

"Nimemuua mwanangu," akaiambia ardhi. "Nimelitamka. Nimelipeleka tumboni mwake kwa kinywa changu."

Niliinua baiskeli. Usukani ulikuwa umepinda.

"Baiskeli," nikasema, "mwambie mama sikusikia kitu. Ni ndege aliyelia."

Akaifunga kaniki yake begani. Kisha akasema, "Baiskeli, mwambie ndege hawalijui jina lake."

Alikaa kwenye keria. Aligonga mara mbili, nami safari hii niliangalia chini ubavuni mwangu mpaka nikauona mguu wake. Kijito tulikivuka nikipiga kengele, na simba hatukumwona tena.

ITAKA HADI MPEMBA

Siku zote nilidhani hofu ya simba ndiyo kubwa. Sivyo. Simba ukimpita umempita. Hofu niliyotoka nayo pale mlimani niliibeba mbele na nyuma ya baiskeli, na haikushuka kwenye kilima hata kimoja.

Itaka yule mzee wa kahawa alipotuona aliinua mikono akamshukuru Mungu, mkewe akaleta ndizi, na hakuna kati yetu aliyekula. Ndizi mbele yangu na mimi sili! Barabara kuu, kila aliyekuja akitokea upande wa Mpemba nilimwogopa. Mtu akipunguza mwendo, nilidhani ana habari. Mmoja alinisimamisha kabisa, nikashika usukani kwa nguvu, naye akauliza kama ninauza zile sufuria.

Mvua ilitukuta karibu na nyumbani. Bibi Anyesi alikuwa amesimama mlangoni pangu, mikono imelowa mpaka kwenye viwiko.

"Uchungu umeanza tangu jana," akasema, "na mtoto hataki kutoka. Ingia, mama yake, haraka."

Nikasikia keria ikiwa nyepesi.

MLANGONI

Nilisimama chini ya upenu, nimeshika usukani, mgongo umeelekea mlango, vilevile nilivyokaa njia nzima. Mvua ilikuwa inapiga bati. Wanawake wa majirani walikuwa wamejaa barazani, na waume zao chini ya mti wa nje, na baadhi yenu mlikuwepo.

Bibi Anyesi akatoka. Akasema kwa sauti, kama inavyofanywa uchungu unapokwama, kwamba mwenye neno lililokaa moyoni alitoe sasa, mtoto apate njia.

Nilijua ni neno gani. Nilijua pia kwamba yule mama ndani yu karibu kulisema, na akishalisema, mtoto akifa, watu hawa watasema bibi yake ndiye aliyemuua. Atalibeba mpaka Momba, na atalibeba peke yake. Nilitamani kuwa kijitoni na simba.

"Ni mimi," nikasema. Nilisema na usukani, lakini kwa nguvu, maana mvua ilikuwa kubwa. "Nilimwacha mama mkwe wangu porini nikakimbia. Niliporudi simba alikuwa ananingoja, na mama akaniita kwa jina nisife. Jina langu limesemwa. Kosa ni la aliyekimbia."

Hapo ndipo mlipoipata ile habari mnayoniuliza. Hakuna aliyeizua. Ilitoka kinywani mwangu.

Kutoka ndani nikaisikia ile sauti nzito. "Nilimwita. Ningemwita tena. Na wewe mwanangu Tabita, moyo wangu juu yako ni mweupe, na juu ya mumeo ni mweupe." Nikasikia maji yakipulizwa. Kisha mvua ikazidi, na bati likameza kila kitu. Sikusikia kilio cha Tabita, sikusikia kilio cha mtoto, sikusikia hata wanawake waliokuwa karibu yangu.

Nilishika baiskeli tu. Sijui ni muda gani. Niliwaona wale wanaume chini ya mti wakisimama, na sikuelewa kwa nini wamesimama.

Halafu nikahisi kitu kwenye viganja vyangu. Kilipita ndani ya chuma kutoka nyuma, mpaka kwenye usukani. Mtu alikuwa amegonga keria.

Mara moja.

Mara moja ni simama. Nilifumba macho. Nilimwona Tabita akitazama ukuta. Nikasema moyoni, basi, na huyu naye.

Ikagongwa mara ya pili.

"Yosia," mama mkwe akasema nyuma yangu, karibu kabisa. "Geuka."

Sikugeuka mara moja. Nilikuwa nimezoea kuogopa kugeuka. Nilipogeuka alikuwa amesimama kizingitini, uso wazi, bangili ina damu, na mikononi ana kitu kidogo kilichofungua mdomo wote, na mvua ilipopungua kidogo nikakisikia.

"Mama yake amelala, anapumua vizuri," akasema. "Shika mtoto wako wa kike."

Niliilaza baiskeli matopeni, nikampokea. Alikuwa mwepesi kuliko sufuria moja ya bibi yake. Niliogopa nitamwangusha, na hofu hiyo ninayo mpaka leo.